Mwenye Rafu Ni Nani? Supamaketi na Kapu la Mnunuzi wa Kianyaga

Wiki ambayo bonasi ya majani chai imeingia, biashara ya Kianyaga, mji mdogo wa Kirinyaga chini ya Mlima Kenya, haifanani na ya wiki nyingine yoyote. Mkulima anayepeleka majani katika kiwanda cha Kimunye au cha Thumaita hupata malipo madogo kila mwezi, kisha fungu kubwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba. Fungu hilo ndilo linalolipa karo na mabati, na ndilo linaloleta ununuzi unaosubiriwa na nyumba nzima: mfuko mkubwa wa sukari badala ya robo kilo, mtungi wa mafuta ya kupikia badala ya kikombe cha kupimiwa, katoni ya sabuni badala ya kipande. Siku hizo watu hupanda matatu hadi Kerugoya au Embu na kurudi na mizigo juu ya keria. Miezi mingine, nyumba ileile huishi kwa kadogo, yaani kwa kununua vipimo vidogo vidogo.

Mada hii inataka kujua ni nini kinachomfanya mnunuzi wa maeneo haya achague duka hili na kuliacha lile, na ana sauti gani katika duka alilolichagua. Ili kulipima jambo hilo, inamweka kando ya mnunuzi wa Denmark. Ulinganisho huu haukuokotwa njiani. Mwaka 1967 nchi za Nordiki, Denmark ikiwemo, zilianza mradi wa pamoja wa kuvisaidia vyama vya ushirika vya Kenya. Mkulima wa kahawa wa chama cha Baragwi, anayepeleka buni zake Karumandi au Guama, anaishi ndani ya wazo ambalo Wadenmark pia walilikumbatia: mnyonge akijiunga na wenzake, bei hujadiliwa. Tofauti ni kwamba Denmark iliutumia ushirika kuuza na kununua. Kirinyaga iliutumia zaidi kuuza.

Historia ya upande wa kule ni fupi kueleza. Mwaka 1866, kasisi Hans Christian Sonne aliwasaidia wafanyakazi wa mji mdogo wa Thisted kufungua duka lao wenyewe, kwa mfano wa wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanza 1844. Maduka ya namna hiyo yakaenea vijijini, na mwaka 1896 yakaunda muungano ambao leo unajulikana kama Coop, wenye maduka ya SuperBrugsen, Kvickly na 365discount. Wanachama wake wanakaribia milioni 2 katika nchi ya watu takriban milioni 6. Mshindani wake mkuu, Salling Group, alitokana na duka lililofunguliwa Aarhus mwaka 1906. Hapo Aarhus ndipo kampuni hiyo ilipozaa Føtex mwaka 1960 na Bilka mwaka 1970, kabla ya Netto kuanza Copenhagen mwaka 1981. Tangu 2017 Salling Group inamilikiwa kikamilifu na wakfu, yaani hakuna ndugu wanaoweza kuigawana mzee akifa.

Mnunuzi wa Denmark ni mtu wa kulinganisha. Chakula chote kule hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, mkate na maziwa pia, kwa hiyo hata mwenye mshahara mzuri hutafuta bei. Kila wiki maduka hutoa gazeti la ofa, siku hizi zaidi kwenye simu, na watu wengi huligawa kapu lao: nyama Føtex kwa sababu wiki hii imeshuka, kahawa Netto, matunda Rema 1000 au Lidl. Maduka ya bei nafuu yamechukua zaidi ya theluthi moja ya soko lote. Mwenye gari zuri haoni haya kuliegesha mbele ya Netto. Wale waliopenda Irma, duka la Copenhagen lililoanza 1886 na kusifika kwa vyakula bora, walilililia Coop ilipotangaza kulifunga mwaka 2023. Wakati huohuo Aldi ya Ujerumani iliondoka Denmark na kuwauzia Rema 1000 maduka 114. Lakini katika kufungwa huko mwenye mali alibaki kuwepo, na madeni yakabaki na mtu wa kuyalipa.

Kenya ilipita njia nyingine, na njia hiyo ina makovu.

Uchumi ilianzishwa na serikali mwaka 1975, na kwa miaka mingi ndilo jina lililokuja kwanza mtu akisema supamaketi. Juni 2006 ilifunga milango, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, kisha ikaanza kuanguka tena kuanzia 2015. Nakumatt, iliyoanza kwa kuuza magodoro Nakuru, ilifika zaidi ya matawi 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilipowekwa chini ya msimamizi, ilikuwa ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe kabisa. Tuskys, iliyoanzia Rongai katika Nakuru na kuachiwa wana wa mwanzilishi, Joram Kamau, iliingia katika kesi za ndugu kwa ndugu na kufa baada ya 2020. Baadhi ya supamaketi za kigeni nazo hazikukaa sana: Choppies ya Botswana ilikuja ikaondoka, na Shoprite ya Afrika Kusini iliyofungua duka lake la kwanza mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kuaga miaka michache baadaye.

Waliobaki ni wachache na wanakua upesi. Naivas, nayo ya Rongai, ilivuka matawi 100 mwaka 2023, na mwaka 2022 kundi la wawekezaji likiongozwa na IBL ya Mauritius lilinunua asilimia 40 ya hisa. Quickmart, mtoto mwingine wa Nakuru, iliungana na Tumaini chini ya mfuko wa uwekezaji wa Adenia. Carrefour iliingia mwaka 2016 kupitia Majid Al Futtaim ya Dubai. Katika miji ya Mlima Kenya kuna pia maduka ya nyumbani, kama Mathai ya Nyeri na Magunas iliyoanzia Murang'a, ambayo yalijua wateja wao kabla ya wakubwa kutoka Nairobi kugundua kwamba Karatina na Embu zina pesa. Inafaa kukumbuka kwamba Nakumatt, Tuskys, Naivas na Quickmart zote zimetoka Nakuru, kama Salling ilivyotoka Aarhus. Duka kubwa si lazima lizaliwe katika mji mkuu.

Mnunuzi wa Mlima Kenya alijifunza nini kutokana na maanguko hayo? Alijifunza kusoma rafu. Watu wa Nanyuki waliokuwa wakinunua Nakumatt waliona dalili kabla ya magazeti kuandika: maziwa ya aina moja tu, mkate haupo saa nne asubuhi, chupa za bidhaa moja zimepangwa mbele ili kuficha utupu wa nyuma. Rafu tupu humaanisha wanaoleta bidhaa hawajalipwa. Wenye kadi za pointi walipoteza pointi zao. Aliyeumia zaidi ni mwenye kiwanda kidogo cha mtindi, asali au unga, aliyepeleka mali kwa mkopo wa miezi mitatu na zaidi, akabaki na karatasi za madai. Ndiyo sababu upendeleo wa wateja wengi leo hauendi kwa jina la duka. Unaenda kwa duka ambalo rafu zake zimejaa wiki hii.

Halafu kuna mgawanyo wa kapu ambao Mdenmark haufahamu. Yeye hununua viazi, sabuni na nyama vyote supamaketi, hata kama ni zaidi ya moja. Mtu wa Kianyaga huiachia supamaketi vitu vya kufungwa: sukari, mafuta, sabuni, chumvi, nepi. Sukuma wiki ni ya shambani au ya mama mboga. Nyanya na vitunguu vya Kagio, viazi na kabichi za soko la Karatina, nduma za jirani, hivyo havina sababu ya kwenda kulala kwenye jokofu la duka mjini na kurudi na bei mpya. Supamaketi za mijini zimejaribu kuuza mboga, na Nairobi zimefaulu kiasi. Huku chini ya mlima hazijafaulu, na mwandishi wa mada hii haoni kwa nini zifaulu.

Mchele ndio unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko chochote. Mwea, umbali mfupi kutoka Kianyaga, ni shamba kubwa la umwagiliaji lililochimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Mchele wake wa pishori unajulikana nchi nzima. Lakini mnunuzi wa Kirinyaga hukwepa pakiti iliyoandikwa pishori kwenye rafu, kwa sababu malalamiko ya kuchanganya mchele wa Mwea na mchele wa nje ni ya miaka mingi. Afadhali ateremke hadi Kutus au Wang'uru, achote punje kwenye gunia, azinuse, azitafune, aulize umekobolewa wapi. Pakiti nzuri haijaweza kushinda pua ya mpishi.

Linabaki suala la kadogo, na hapa mada hii inaomba kusikilizwa kwa makini. Duka la mtaani hupima mafuta kwa kikombe, hukata sabuni ya mche, hufunga sukari ya robo kwenye karatasi, na huandika deni katika daftari hadi kahawa ilipwe. Supamaketi haifanyi lolote kati ya hayo, ingawa tangu M-Pesa ilipoanza 2007, na malipo ya dukani kufuata 2013, zote mbili hupokea pesa kwa simu sawasawa. Kwa hiyo duka dogo linatoa huduma ya kweli. Hata hivyo anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo, na hulipa hivyo miezi kumi na moja ya mwaka. Serikali ilipofidia unga wa mahindi, mwaka 2017 kwa shilingi 90 pakiti ya kilo mbili na tena Julai 2022 kwa shilingi 100, waliofaidika kwanza ni walioweza kufika mahali pa foleni wakiwa na pesa taslimu.

Denmark iliwahi kulikabili tatizo linalofanana kwa sababu tofauti kabisa. Mwaka 2008, Rema 1000 iliacha punguzo la kununua vingi kwa pamoja, kwa kuwa liliwasukuma watu kununua chakula na kukitupa. Tokeo lake ni kwamba anayeishi peke yake hulipa bei ileile ya kipimo na mwenye watoto watano. Tena sheria ya Ulaya huyalazimisha maduka kuonyesha kwenye rafu bei ya kila kilo au lita, si bei ya pakiti pekee, ili mtu asidanganywe na ukubwa wa boksi.

Sheria za Kenya hazikulala. Mamlaka ya Ushindani ilipewa nguvu zaidi mwaka 2019 dhidi ya wanunuzi wakubwa wanaowanyonya wauzaji wadogo, na Desemba 2023 iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour faini ya shilingi bilioni 1.1 kutokana na malalamiko ya wauzaji wawili, mmoja wao muuza asali. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kesi huchukua miaka, na mfuga nyuki mmoja wa Kianyaga hana mwanasheria.

Ana ushirika. Baragwi imezoea kukusanya mazao ya maelfu ya watu, kuyapima na kuyauza kwa jina moja. Sacco kama Bingwa na Fortune, zilizotokana na chai na kahawa, zinajua siku mwanachama atakapolipwa na kiasi chake. Kuanzisha supamaketi ya ushirika leo kungekuwa haraka mno. Coop ya Denmark yenyewe, pamoja na umri wake, imepata hasara kubwa miaka ya karibuni. Kinachowezekana ni kununua kwa pamoja vitu vichache vinavyoliwa na kila nyumba, yaani sukari, mafuta, unga na sabuni, moja kwa moja kutoka kwa muuzaji wa jumla, na kumkata mwanachama kwenye malipo yake kama vile mbolea inavyokatwa. Duka la mtaani lingeweza kuwa wakala wa kugawa, likalipwa kwa kazi yake ya kupima. Na kwenye ubao wa kila kiwanda cha kahawa, pale panapobandikwa kilo za buni, kingebandikwa kila wiki kikaratasi cha bei ya kilo moja ya sukari na lita moja ya mafuta katika Kianyaga, Kutus, Kerugoya na Embu. Kazi hiyo inahitaji karani mmoja, kalamu na nauli ya matatu, na inaweza kuanza kabla ya bonasi ijayo.