Je, Anayeingia ICU Hurudi Nyumbani?

Hotuba kwa mabaraza ya afya ya wadi



Kuna maneno yanayosikika matangani, ndani ya matatu na hata kwenye viwanja vya hospitali: "Ukisikia mtu amepelekwa ICU, anzeni kuchanga." Anayesema hivyo hana nia mbaya. Pengine aliona jirani akiingia katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hai, kisha akaona jeneza likitoka. Lakini maneno hayo yana madhara. Familia ikiyaamini, humweka mgonjwa nyumbani siku mbili au tatu zaidi, ikitumaini kwamba kikohozi kitapungua. Kwa mtu ambaye mapafu yake yameshambuliwa vikali na virusi, siku hizo ndizo zinazoweza kuamua kama atapona au la.

Basi ni vyema kuuliza swali lenyewe waziwazi: mgonjwa wa virusi vya mapafu akilazwa ICU, hurudi nyumbani?

Jibu linaweza kupatikana katika wakati ambao kila mmoja hapa anaukumbuka. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 13 Machi 2020. Kati ya Mei na Desemba mwaka huo, madaktari wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, waliwafuatilia wagonjwa mahututi wa Korona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Kati ya kila wagonjwa 100 waliolazwa, takriban 48 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia wakati huo ulikuwa takriban 32.

Takwimu hizo zina mambo mawili. Kwanza, hata katika mwaka huo mgumu, kabla chanjo hazijafika, zaidi ya nusu ya waliolazwa hawakufariki. Kwa hivyo si kweli kwamba kuingia ICU ni kuhukumiwa kifo. Pili, pengo kati ya Afrika na kwingineko lilikuwa kubwa mno. Virusi vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni huduma ambayo mgonjwa aliipata, na wakati aliopata huduma hiyo.

Utafiti huo ulitaja baadhi ya sababu. Wagonjwa 6,779 walipendekezwa kupelekwa ICU au vyumba vya uangalizi wa karibu, lakini waliopata nafasi walikuwa 3,752. Vifaa vya kusafisha damu kwa walioharibikiwa na figo vilikuwepo katika hospitali nyingi, ila wagonjwa wachache tu ndio waliofikiwa. Hata kumlaza mgonjwa kifudifudi, jambo ambalo halihitaji mashine ya gharama, kulifanyika kwa wachache. Na waliokuwa na kisukari, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI walikuwa katika hatari zaidi ya kufariki.

Hapa Kenya, hesabu iliyofanywa janga lilipoanza ilionyesha kwamba nchi nzima ilikuwa na vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kusaidia kupumua. Kati ya kaunti 47, ni 22 tu zilizokuwa na angalau ICU moja. Vitanda viliongezwa baadaye, lakini funzo limebaki: kitanda cha ICU ni kichache, na kuokoa maisha hakuwezi kutegemea kitanda hicho peke yake.

Ni muhimu pia kuelewa kile ambacho mashine hufanya. Virusi vikali vya Korona au vya homa ya mafua vikifika ndani kabisa ya mapafu, vile vifuko vidogo vya hewa huvimba na kujaa majimaji. Oksijeni hushindwa kupita na kuingia katika damu. Mashine ya kupumulia haiui virusi na haiponyi mapafu. Kazi yake ni kumshikilia mgonjwa ili mwili upate muda wa kujiponya. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukaa juu yake wiki mbili au zaidi, na familia isidhani kwamba siku zikiwa nyingi basi matumaini yamekwisha.

Huduma ya namna hii yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya virusi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulikumbwa na mlipuko wa polio. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumua, na mwanzoni takriban 9 kati ya 10 wa aina hiyo walifariki. Daktari Bjørn Ibsen akapendekeza wagonjwa wawekewe mrija kooni na wasukumiwe hewa kwa mfuko wa mkono. Mashine hazikutosha, kwa hivyo wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu usiku na mchana wakiminya mifuko hiyo kwa mikono. Vifo vilipungua hadi chini ya nusu. Walichopata wagonjwa hao ni pumzi kwa wakati, na watu wa kukaa kando ya kitanda bila kuondoka.

Miaka iliyofuata imethibitisha mambo mengine ambayo si ya gharama kubwa. Mwaka 2000, utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba mashine ikisukuma hewa kidogo kidogo badala ya kuyajaza mapafu, vifo hupungua kutoka takriban 40 hadi 31 katika kila wagonjwa 100. Mwaka 2013, utafiti wa Ufaransa ulionyesha kwamba wagonjwa wenye hali mbaya zaidi ya mapafu, wakilazwa kifudifudi kwa saa nyingi kila siku, vifo hupungua kwa karibu nusu: kutoka 33 hadi 16 katika kila 100. Familia ikimkuta mgonjwa wake amelala hivyo, isishtuke. Anasaidiwa kupumua.

Mwezi Juni 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza kwamba dawa ya bei nafuu, deksamethasoni, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Korona waliokuwa kwenye mashine kutoka takriban 41 hadi 29 katika kila 100. Kwa waliohitaji oksijeni bila mashine, nafuu ilikuwa ndogo zaidi. Kwa wasiohitaji oksijeni, haikuleta faida yoyote. Kwa hivyo mtu asiende kuinunua kwenye duka la dawa kwa sababu tu anakohoa. Hupandisha sukari mwilini na kupunguza kinga, na mwenye kisukari anaweza kuumia vibaya.

Sasa chukueni mfano. Baba wa miaka 58, mwenye kisukari, ameanza kukohoa na kupata homa siku ya Jumatatu. Ananunuliwa dawa za maumivu. Ijumaa anapumua haraka, hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika, ila anasema yuko sawa. Familia inaamua kungoja hadi Jumatatu. Usiku wa Jumapili anachanganyikiwa, midomo inabadilika rangi, na gari linatafutwa saa nane za usiku. Akifika, tayari anahitaji mashine. Kama angepelekwa Ijumaa, huenda oksijeni ya kawaida na uangalizi wa sukari vingemtosha, na ICU asiione kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hivyo, mtu mzima mwenye kikohozi na homa apelekwe hospitali bila kuchelewa akionyesha moja ya dalili hizi: kupumua haraka hata akiwa amekaa, kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, maumivu ya kifua, midomo au ulimi kubadilika rangi na kuwa ya bluu au kijivu, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida. Kwa mtoto mchanga, tazameni mbavu zikizama ndani anapovuta hewa, kukataa kunyonya, au kulegea. Hizo ni dharura.

Wenye kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni watambue jambo moja. Baadhi ya wagonjwa hupungukiwa na oksijeni sana huku wakiongea kama kawaida, na hapo kifaa husaidia. Kipimo kikiwa chini ya 94, mgonjwa aonwe na mhudumu wa afya. Kikiwa chini ya 90, ni dharura. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivyo vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kifaa kikisema yuko salama lakini macho yenu yanaona mtu anahangaika kuvuta pumzi, aminini macho yenu.

Wengine huchelewa kwa kuogopa gharama. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Aidha, kila mkaazi ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#, na ahakikishe familia yake imo. Usajili ufanywe watu wakiwa wazima, si mgonjwa akiwa mlangoni.

Jamaa akilazwa ICU, familia ichague mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari, kisha awaeleze wengine. Aulize maswali matatu kila siku: oksijeni anayohitaji imepungua au imeongezeka? Figo zinafanya kazi? Mpango wa leo ni upi? Ayataje maradhi yote ya awali na dawa zote, zikiwemo za kienyeji na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kuficha hakumlindi mgonjwa. Na ikiwa madaktari watasema matibabu hayasaidii tena, familia ina haki ya kuelezwa kwa lugha inayoeleweka, na kupewa nafasi ya kuwa karibu na mtu wao. Si kila mgonjwa atapona hata akifika mapema, na familia iliyompoteza mtu isijilaumu kwa kila jambo.

Anayepona naye hajamaliza safari. Baada ya wiki kadhaa kitandani misuli hupungua, na baadhi hushindwa hata kupanda ngazi au kushika kikombe. Wengine husahau mambo, huota ndoto za kutisha au huingiwa na huzuni isiyoelezeka. Huo si uvivu, wala si kurogwa. Ni athari zinazojulikana za ugonjwa mkali, na kwa wengi hupungua kwa miezi, wakipata mazoezi, chakula bora na subira ya familia. Wasikose tarehe zao za kliniki.

Hatimaye, bora zaidi ni kutofika huko. Wazee na wenye maradhi ya kudumu waulize kituo cha afya kilicho karibu kuhusu chanjo zinazopatikana. Anayekohoa afunike mdomo na akae mbali na nyanya na watoto wachanga. Madirisha yafunguliwe nyumbani, kanisani, msikitini na ndani ya matatu.

Mkitoka hapa, yule atakayesema "anzeni kuchanga" mwambieni kwamba wengi wamerudi nyumbani, na kwamba wangerudi wengi zaidi kama wangefikishwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.