Ndege Wanaolala Jikoni

Maelezo ya Afisa Mifugo wa Kata mbele ya mkutano wa wakazi, mwanzoni mwa majira ya baridi

Niliombwa nizungumzie kideri na utaratibu wa chanjo, nami nitafika huko. Naomba radhi nianze na jambo jingine ambalo kila mwaka, baridi ya Juni na Julai inapoingia, hujificha nyuma ya jina la kideri, na kwa kujificha huko huendelea kuua.

Mwaka jana mama mmoja alinijia asubuhi na mapema akiwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na vifaranga kumi na saba na njiwa wawili wa mwanawe, wote wamekufa. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilinielekea mimi, kwa kuwa siku nne kabla nilikuwa nimewachanja ndege wake, na kwa hesabu yake chanjo ndiyo iliyoua. Jirani alisema ni kideri. Mwingine, kama ilivyo desturi yetu, alisema ni mkono wa mtu. Nikamwomba tufuatane hadi nyumbani kwake.

Kuku wakubwa waliolala bandani walikuwa wakiparua uani, wazima kabisa, nao walichanjwa siku ileile kwa chupa ileile. Waliokufa ni wale tu waliolazwa jikoni ili wapate joto. Dirisha la chumba kile lilikuwa limezibwa kwa gunia, na katikati palikuwa na jiko la mkaa lililojaa majivu. Nikamuuliza yeye mwenyewe ameamkaje. Akasema kichwa kinamgonga tangu alfajiri, na kijana wake ametapika. Walikuwa wamelala chumba cha pili, mlango wa katikati ukiwa wazi ili joto liwafikie.

Kwa kawaida kideri hakifanyi kazi namna hiyo. Kuku huzubaa, huharisha kijani, hukoroma, shingo hupinda. Leo hufa wawili, kesho watano, na ugonjwa hauchagui chumba. Ndege wanapokufa wote usiku mmoja, katika chumba kimoja, na wenzao wa nje wakabaki wazima, ulizeni kwanza kilichokuwa kikiwaka mle ndani. Ukikosea jibu hapo, utazika ndege, utailaumu chanjo, na usiku unaofuata utaliwasha jiko lilelile ukalala.

Kwa nini ndege hutangulia? Mapafu yake hayajengwi kama yetu. Sisi huvuta hewa, tukaitoa kwa njia ileile. Ndege ana mifuko ya hewa iliyoenea mwilini, na hewa safi hupita katika mapafu yake kwa mwelekeo mmoja, anapovuta na hata anapotoa pumzi. Ndiyo maana anaweza kuruka mwendo mrefu bila kuishiwa nguvu. Lakini pumzi hiyo hiyo inayomfaa angani humletea sumu upesi akiwa chumbani, na mwili wake mdogo hauna akiba ya kuvumilia. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo. Kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane walishuka migodini na ndege wadogo wa tunduni, jamii ya chiriku. Ndege akilegea na kuanguka, watu walitoka mbio. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1986, vipimo vya umeme viliposhika nafasi yake.

Sumu yenyewe ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata damu ikakosa nafasi ya kubeba hewa ya uhai. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wenu. Tumezoea kusema mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, hauna madhara, hivyo tunauwashia nje kisha tunauingiza ndani. Moshi ndio unaoonekana, na kwa kuwa haupo tunadhani hatari imekwisha. Mkaa mwekundu katika chumba kilichofungwa hutoa sumu hiyo kwa wingi.

Lipo jambo la pili, geni kidogo kwetu, lakini kadiri majiko ya gesi na umeme yanavyoenea litatufikia sote. Vikaango vingi vyeusi vinavyouzwa sasa, vile visivyogandisha chakula, vimepakwa utando uliotokana na ugunduzi wa Mmarekani Roy Plunkett mwaka 1938, unaofahamika kwa jina la biashara la Teflon. Kikaango kikiwa na maji, mboga au mafuta ya kukaangia kwa moto wa kawaida, hakuna neno. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na huku kwetu milimani chini kidogo ya hapo. Shida huja pale kikaango kitupu kinapoachwa juu ya moto mkali, mtu akatoka kidogo kuitikia hodi. Baada ya dakika chache joto hupita nyuzi 260, utando huanza kuvunjika, na mvuke wake humuua kasuku au njiwa aliye karibu kabla mwenye nyumba hajanusa chochote. Binadamu huweza kupata homa na kikohozi kama mafua, vikapita. Ndege hapiti. Baadhi ya balbu za joto za kulelea vifaranga nazo hupakwa utando huo huo; ulizeni dukani kabla ya kununua. Mwenye kikaango cha aina hiyo si lazima akitupe. Tundu la ndege liondoke jikoni, na kikaango kisikae motoni kikiwa kitupu.

Najua mtanijibu nini. Mtasema: Bwana Mifugo, jikoni ndiko kwenye joto, na nje kuna baridi, kicheche na wezi. Ni kweli, na sitawaambia mlaze vifaranga nje. Kifaranga wa juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ambalo hupunguzwa taratibu kila juma. Lakini joto si lazima litoke kwenye mkaa. La kwanza ni la mama kuku mwenyewe, mfugaji tunayemdharau kwa kuwa hatuzi bei yake dukani. Kuku wa kienyeji anayelea huweza kupokea vifaranga wa ziada wenye umri sawa na wake, wakiingizwa chini yake usiku. La pili ni kasha la mbao au boksi gumu lililozungushiwa majani makavu, ndani yake dumu la lita tano la maji ya moto, limefungwa barabara na kuviringishwa gunia. Badilisheni maji jioni, kabla ya kulala na alfajiri, na juu acheni matundu ya hewa. Vifaranga wenyewe watawaambia: wakirundikana wana baridi, wakitandaza mabawa na kuhema wana joto, wakitawanyika na kula wameridhika.

Anayelazimika kutumia mkaa kwa vifaranga wengi atumie chumba ambacho hakuna mtu anayelala, chenye matundu juu ya kuta mbili zinazotazamana, na asiyazibe usiku. Kuwashia moto kwa mifuko ya plastiki kuachwe kabisa.

Ukimkuta ndege anahema mdomo wazi au ameanguka karibu na moto, mtoe nje papo hapo na ufungue milango. Maziwa na majivu havitamsaidia. Kisha watazame watu. Wakiumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, watoke wote na wapelekwe zahanati, na mganga aelezwe kwamba mkaa uliwaka ndani.

Yule mama alipona, na kijana wake pia. Vifaranga wake wa sasa wamo katika kasha nililolieleza, naye ameniruhusu niwaelekeze kwake mnaotaka kuliona.

Sasa chanjo. Kideri huchanjwa kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, hata kwa kuku anayeonekana mzima. Wenyeviti wa vitongoji wanaandikisha idadi ya kuku, kwa sababu chupa ikishafunguliwa haikai. Na mwenye ndege aliyekufa ghafla asimchinje wala kumtupa. Amfunge katika mfuko, amlete ofisini siku hiyo hiyo, na aje tayari kunieleza alilala chumba gani.