Safari ya Boti Huanzia Kwenye Mtungi wa Petroli

Maandishi ya mazungumzo kuhusu utunzaji wa njia ya mafuta na vichujio vya injini za boti, kwa wavuvi, wenye boti na wakulima wanaotumia pampu za maji



Mto Tana, ukipita kusini mwa Kaunti ya Embu, una mabwawa matano yanayojulikana na kila mkazi wa Mbeere Kusini. Kindaruma lilianza kazi mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yalijengwa kwa ajili ya umeme. Hata hivyo, kwa wakazi wa kando yake, maji hayo ni shamba la samaki, ni njia ya kuvukia kwenda upande wa Machakos na Kitui, na pia ni mahali ambapo wageni hutembezwa kwa boti. Masinga pekee likijaa hutandaa takriban kilomita mraba 120. Gari likizima njiani, dereva huliegesha kando. Boti ikizima katikati ya Masinga, upepo ndio unaoamua itakwenda wapi.

Chukueni mfano wa mwendesha boti mmoja jioni ya siku ya soko. Amebeba abiria sita na magunia ya mahindi. Injini inakohoa mara mbili, inanguruma, kisha inanyamaza. Anavuta kamba mara kumi na mikono inamuuma. Jua linazama, na viboko huanza kutoka majini kwenda malishoni saa hizo hizo. Upepo unaisukuma boti polepole kwenye matete. Anayetazama atasema injini imeharibika. Lakini fundi akiifungua atakuta haina kasoro yoyote. Tatizo ni kijiko kimoja cha maji ndani ya kabureta. Maji hayo yalitoka kwenye mtungi wa lita 20 uliotumiwa kuteka maji ya nyumbani siku ya Ijumaa, kisha ukatiwa petroli Jumamosi bila kukaushwa.

Hilo ndilo jambo kuu la mazungumzo haya: injini nyingi zinazozima majini huwa zimeanza kuharibiwa nchi kavu, kwenye mtungi.

Njia ya mafuta ni fupi, na kila mwenye boti anaweza kuifuata kwa kidole. Petroli hutoka kwenye tangi, hupita kwenye mpira mrefu wenye kipira cha kubana kwa mkono, huingia kwenye kichujio, au filta kama mafundi wanavyoiita, husukumwa na pampu ndogo iliyo kwenye injini, kisha hufika kwenye kabureta. Ndani ya kabureta mna vitundu vyembamba mno. Chembe moja ya vumbi la murram inatosha kuziba kimoja.

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, pale pale mpira unaponyonyea. Huingia kupitia mtungi wenye unyevu, mvua, au kifuniko kisichofunga vizuri. Pia tangi lililobaki nusu huwa na hewa nyingi, na usiku wa baridi hewa hiyo huacha matone ya umande ndani. Ndiyo sababu mwenye boti mwangalifu halali na tangi nusu. Hulijaza, akiacha nafasi kidogo juu kwa sababu petroli hutanuka jua linapochomoza.

Kupima maji si kazi ngumu. Petroli kidogo kutoka chini ya mtungi hutiwa kwenye chupa safi ya kioo na kuachwa itulie kama robo saa. Maji yakiwepo, yatajikusanya chini kama shanga au kama tabaka lenye mpaka unaoonekana. Petroli hiyo haifai kutiwa kwenye injini.

Wengine huchuja petroli kwa kipande cha nguo. Nguo huzuia majani na mchanga mkubwa, lakini hupitisha maji, na nyuzi zake zenyewe huenda kuziba kichujio. Afadhali faneli yenye wavu laini wa chuma, pamoja na mtungi uliotengwa kwa petroli peke yake na kuwekewa alama isiyofutika. Kwa boti inayobeba abiria au watalii, inafaa kufunga kichujio kikubwa cha kutenganisha maji na petroli kati ya tangi na injini. Maji hubaki chini ya kikombe chake na humwagwa yakionekana.

Chanzo cha petroli nacho kina uzito wake. Kuchanganya mafuta ya taa na petroli kulikithiri nchini hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018, ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Petroli inayouzwa kando ya barabara kwa bei nafuu inaweza kugharimu pistoni nzima. Kununua kituoni na kuomba risiti ni akiba.

Injini nyingi za zamani za viharusi viwili huhitaji oili ichanganywe na petroli. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa mtungi wa lita 20. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Oili ikipungua, injini hujisaga. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa. Kukisia kwa macho si kipimo.

Kwa boti inayofanya kazi kila siku, kichujio kikaguliwe kila wiki. Injini izimwe na ipoe, mpira utolewe, kikombe kifunguliwe, na wavu usuguliwe polepole kwa brashi laini na petroli safi, kamwe si kwa maji ya bwawa. Mpira wa kuzuia uvujaji utazamwe kama umepasuka. Kichujio cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa. Petroli chafu isimwagwe bwawani, kwa sababu sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inakataza kuchafua maji, na maji hayo hayo ndiyo yanayotekwa kwa kunywa.

Sasa, injini ikizima majini, kipira cha mkono kinaweza kueleza mengi. Kikiwa kimenywea na hakirudi, kuna kizuizi upande wa tangi, na mara nyingi ni tundu la hewa kwenye kifuniko lililosahauliwa kufunguliwa. Kikibanwa mara nyingi bila kuwa kigumu, huenda petroli imekwisha, mpira unavuta hewa mahali fulani, au vali zilizomo ndani yake zimechoka. Mshale uliochorwa juu yake daima uelekee injini. Na ikiwa injini hufufuka kila kipira kinapobanwa, pampu ya injini imedhoofika au kuna hewa inayoingia njiani. Boti hiyo irudi ufuoni mara moja na isichukue abiria hadi fundi aione.

Yako mazoea mengine ambayo yameumiza watu. Kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira ni hatari, kwani kiasi kidogo kikiingia mapafuni kinaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe. Apelekwe hospitali haraka. Petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto ataidhania ni kinywaji. Tangi linalobebeka lijazwe likiwa chini ufuoni, si ndani ya boti, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama sakafuni mwa boti ukingoja cheche. Sigara na jiko vikae mbali.

Wakulima wanaomwagilia kutoka Mto Thuci upande huu, na wenzao wa Meru wanaotumia maji ya Kathita, wasidhani mazungumzo haya hayawahusu. Pampu ndogo ya petroli ina tangi, kichujio na kabureta vile vile. Ikizima wakati nyanya zinatoa maua, hasara huonekana shambani. Pampu itakayokaa wiki nyingi bila kazi imwagwe petroli yote, kwa kuwa petroli iliyolala huacha gundi ndani ya kabureta.

Na hata njia ya mafuta ikiwa safi kabisa, boti isiondoke ufuoni bila jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, makasia mawili, nanga yenye kamba ndefu na simu yenye chaji iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Nanga ndiyo itakayoizuia boti iliyozima isisukumwe kuelekea ukuta wa bwawa na njia ya kumwagia maji.

Turudi kwa mwendesha boti wa jioni ile. Kama Jumamosi asubuhi angetumia robo saa kutazama chupa ya kioo, abiria wake sita wangekuwa nyumbani kabla ya giza, na mahindi yao yakiwa makavu. Robo saa hiyo haina gharama. Kila mwenye boti aitoe kabla ya kuondoka ufuoni.