Viluwiluwi Darasani

Msikilizaji, mvua zinaponyesha Mwananyamala, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, maabara ya biolojia hujifungua yenyewe uani: kwenye tairi kuukuu, ndoo isiyofunikwa, kifuu kilichotupwa.

Chota maji hayo, yatie kwenye chupa angavu, funga mdomo kwa kipande cha chandarua, kisha iweke dirishani mwa darasa. Wanafunzi wataona viluwiluwi wa mbu wakining'inia kichwa chini, wakivuta hewa kwa mrija ulio karibu na mkia. Kiluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hana mrija huo. Yeye hulala sambamba na uso wa maji. Katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Hakuna mchoro wa ubaoni unaofundisha namna hiyo.

Na somo hili si la mtihani tu. Mwaka 2014, na tena 2019, homa ya dengue iliikumba Dar es Salaam. Mbu wake, Aedes, huuma mchana na hutaga kwenye vyombo vyetu wenyewe. Mtoto aliyemwona akikua chupani ataimwaga ndoo ya nyumbani bila kusukumwa.

Maabara zijengwe, tena haraka. Lakini kukosa hadubini hakuhalalishi kukariri sura nzima bila kutazama kiumbe hai hata kimoja. Walimu wa Kinondoni, anzeni na chupa moja. Mkimaliza, mwageni maji kwenye udongo mkavu, na chandarua kisitoke mdomoni kabla ya hapo.