Mazungumzo: Kusafisha Dizeli ya Mimea Pahala Penye Uhaba wa Maji



Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe katika karne ya 19, mingi ikigharimiwa na wafanyabiashara wa Unguja, ilipanga vituo vyake kwa kufuata maji. Leo reli ya kati hupita Igalula ikielekea Tabora, lakini kanuni ile haijabadilika: kazi yoyote inayokusudiwa kuanzishwa huko yapasa ipimwe kwanza kwa maji yatakayotumika. Kwa sababu hiyo, Igalula ni mfano unaofaa katika mazungumzo haya kuhusu usafishaji wa dizeli itokanayo na mimea.

Dizeli hiyo hutengenezwa kwa mafuta kama vile ya alizeti, mawese au mbono. Lita 100 za mafuta huchanganywa na methanoli ipatayo lita 20 na kostiki kidogo, ile inayojulikana na watengenezaji wa sabuni, kisha hupashwa moto. Mchanganyiko ukitulia, dizeli hukaa juu na gliseroli, ambayo ni nzito, hushuka chini na kuondolewa.

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Sivyo. Dizeli hiyo bado ina methanoli, sabuni na mabaki ya gliseroli. Kanuni za Ulaya na za Marekani haziruhusu gliseroli huru kuzidi asilimia 0.02, yaani gramu 2 katika kilo 10. Ikizidi, hutuama ndani ya tangi, huziba filta na kuharibu nozeli. Mwenye mashine ya kusaga nafaka aliyetafuta unafuu huishia kununua vipuri.

Njia iliyozoeleka ni kuosha dizeli kwa maji, ambayo mara nyingi hulingana na dizeli yenyewe au huizidi. Maji hayo hutoka na sabuni na kemikali. Hayafai kunyweshwa mifugo wala kumwagwa karibu na kisima. Igalula, ambako kiangazi huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba, kuosha dizeli kwa namna hiyo ni kuitia mkono ndoo ya mama aliyekwenda kisimani.

Njia nyingine ni kuchuja kwa utando. Dizeli husukumwa kwa pampu kupitia mabomba ya kauri yenye vitundu vidogo mno, vya kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Gliseroli haiyeyuki vyema katika dizeli; hujikusanya kuwa matone, na sabuni huyazunguka. Matone hayo ni makubwa kuliko vitundu, hivyo huzuiliwa, na dizeli hupita. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Canada, wameonesha kwamba hata maji kidogo sana, chini ya asilimia moja, huyakuza matone na kurahisisha kazi.

Utaratibu ni lazima ufuatwe. Methanoli hutangulia kuondolewa kwa moto, nayo huchemka kwenye nyuzi 65, kwani ikibaki huiyeyusha gliseroli na kuipitisha kwenye utando. Methanoli ni sumu ipofushayo macho na hushika moto upesi. Mvuke wake yapasa ukusanywe katika chombo kilichofungwa. Utando nao huziba, na huhitaji kusafishwa kila mara. Pampu na mabomba hayo yana gharama.

Tabora ina kumbukumbu ya pupa. Urambo palikuwa pamoja na Kongwa na Nachingwea katika mradi wa karanga ulioanzishwa na Uingereza mwaka 1947 ili kupata mafuta, ukaachwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mashine zilitangulia, ardhi na mvua vikaja kuulizwa baadaye.

Kwa hiyo wanaokusudia kazi hii, Bara na Visiwani, wanashauriwa waanze na pipa moja, wapime dizeli yao kabla ya kuitia katika injini, na wahesabu maji kabla ya kuhesabu faida.