Hesabu ya Surua

Maradhi ya Ebola yalipoingia Guinea, Liberia na Sierra Leone, yakawaua matabibu na wauguzi, yakafunga zahanati, hata wazazi wakahofu kuwapeleka watoto kuchanjwa, adui wa pili, naye ni surua, alikuwa akijiwekea akiba ya watoto wasio na kinga, mwezi baada ya mwezi, pasipo mtu kumwangalia. Wataalamu wa hisabati za maradhi walikadiria mwaka 2015, katika jarida la Science, kwamba chanjo zikipungua kwa robo tatu kwa muda wa miezi 18, mlipuko wa surua uliotazamiwa kuwapata watu 127,000 ungeweza kuwafikia 227,000, na vifo vya ziada vikawa baina ya 2,000 na 16,000. Upana wa makadirio hayo, ambao baadhi ya watu huudhihaki, kwangu mimi ni dalili ya uaminifu, kwani hesabu si ramli. Na huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilhali macho ya walimwengu yameelekea Ebola iliyokuwa mashariki mwa nchi hiyo, surua iliyozuka mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000, aghalabu watoto wadogo. Basi serikali zetu, zinapopigana na maradhi mageni, zisithubutu kuifunga milango ya chanjo za kila siku.