Utabiri wa Joto na Haki ya Mtu wa Kazi



Kila mwaka ifikapo Juni, sisi wa pwani hii twapumua. Masika yamepita, Kusi yavuma, na usiku mtu hutafuta shuka. Ng'ambo ya bahari, mwezi huo huo, mambo ni kinyume. Oman, Kuwait, Qatar, Bahrain, Saudia na Falme za Kiarabu zaingia katika kiangazi chao, na mamlaka za hali ya hewa za huko hutoa utabiri wa joto kali kwa mikoa ya jangwani na ya pwani. Habari hizo zikitufikia twazipisha, tukidhani ni za watu wengine. La hasha. Ni nani kati yetu asiyejua jirani mwenye binti anayefanya kazi za nyumbani huko, au kijana anayelinda mlango, anayebeba zege, anayepeleka chakula kwa pikipiki? Nimeombwa niseme juu ya joto, nami nitasema juu yake kama jambo la haki.

Kwanza tuusome utabiri wenyewe kwa akili. Tukisikia jangwa na pwani vikitajwa pamoja, macho yetu hukimbilia jangwani, kwa maana huko ndiko kwenye tarakimu za kutisha. Mahali paitwapo Mitribah, katika jangwa la Kuwait, tarehe 21 Julai 2016 kipimajoto kilifika nyuzi 53.9 za Selsiasi. Hata hivyo, mara nyingi ni pwani inayomwelemea mtu zaidi, ijapokuwa tarakimu yake ni ndogo. Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka tu, bali kwa kukauka. Akina mama wanajua: siku ya fukuto nguo hazikauki uani. Basi jasho nalo halikauki mgongoni, na joto la ndani halina pa kutokea. Maji ya Ghuba wakati wa kiangazi huwa vuguvugu kabisa, na hewa iliyo juu yake hujaa mvuke.

Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Kwa miaka mingi walisema kwamba kikisoma nyuzi 35, hata mtu mwenye afya, aketiye kivulini na maji ya kunywa kando yake, hawezi kuishi saa nyingi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022, waliyopimwa vijana wenye afya, yalionyesha kwamba mwili huanza kushindwa mapema zaidi, kwenye nyuzi 31 hivi katika hewa yenye unyevu mwingi. Nao hawakuwa wakibeba matofali.

Tena pwani haina usiku. Katika mji wa Quriyat, ulio ufukweni mwa Oman, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24 nzima. Mtu aliyechoka mchana alitazamia usiku umrudishie nguvu, na usiku haukumrudishia kitu. Ikiwa analala chumba kimoja na wenzake kumi, au katika stoo ya nyumba isiyo na kiyoyozi, fikirini wenyewe.

Serikali za huko hazikukaa kimya, na haki yatudai tuseme hivyo. Oman imekataza kazi za juani kuanzia Juni hadi Agosti, tangu saa sita unusu mchana hadi saa tisa unusu. Falme za Kiarabu zina katazo kama hilo tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar mwaka 2021 ilirefusha muda wake, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu, tena ikaamuru kazi isimame saa yoyote kipimo cha joto na unyevu kinapopita nyuzi 32.1. Hili la mwisho ndilo la hekima zaidi, kwa sababu linatazama hewa, wala halitazami saa ya ukutani peke yake.

Papa Leo XIII aliliona jambo hili zamani. Katika Waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891 alifundisha kwamba saa za kazi zipimwe kwa aina ya kazi, mahali, na nguvu za mtendakazi. Akaongeza kwamba hata majira ya mwaka yatazamwe, maana kazi iliyo nyepesi msimu mmoja yaweza kuwa haivumiliki msimu mwingine. Papa aliyechaguliwa mwaka 2025 alichukua jina la Leo akiukumbuka waraka huo. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba Kanisa limeanza jana kuingilia habari za hali ya hewa.

Lakini sheria hizo zina matundu. Zahusu kazi za nje, juani. Binti aliye jikoni, mbele ya moto tangu alfajiri, au anayeanika mazulia darini, hamo. Na katika nchi kadhaa kibali cha kukaa kingali kimefungwa kwa mwajiri. Anayesema, "Leo siwezi, kichwa chazunguka," anaogopa kupoteza kazi na kibali kwa pamoja. Haki ya kupumzika ina faida gani kwa mtu asiyethubutu kuidai?

Mwaka uliopita alinijia mama mmoja mwenye karatasi mkononi. Mwanawe alikwenda nchi moja ya Ghuba mwezi wa Juni, akafa kabla ya mwezi kwisha. Karatasi ilisema kifo cha kawaida, moyo kusimama. Alikuwa na miaka 26. Mama aliniuliza, "Baba, moyo wa mtoto huyu ulisimamishwa na nini?" Sikuwa na jibu, wala simtuhumu mtu nisiyemjua. Nasema tu kwamba kila moyo wa marehemu umesimama. Kuandika hivyo si kueleza sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya vibarua wa Nepal waliofia Qatar kati ya 2009 na 2017 ulionyesha kwamba katika miezi ya joto sehemu ya vifo vilivyoandikwa kuwa vya moyo iliongezeka sana. Nilimkumbuka yule mama wa Shunemu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mwanawe alimfuata baba kwa wavunaji, akalalamika kichwa, akarudishwa nyumbani, akafa adhuhuri magotini pa mama. Baba, nadhani, aliendelea na mavuno. Sisi hatuna Elisha wa kumwita.

Ule mwezi wa Juni una maana. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na wengi wanaouawa na joto kazini hufa katika siku za mwanzo. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani hushauri kwamba mgeni katika kazi ya joto afanye sehemu moja kwa tano tu ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe kiasi hicho kila siku. Sisi twampandisha kijana ndege akitoka katika baridi ya Kusi, na kesho yake yuko juu ya jengo.

Kwa hiyo nawaombeni haya. Familia inayomwandaa mtoto, kama yaweza kuchagua, isimpeleke kati ya Mei na Septemba. Mkataba usomwe katika Jumuiya kabla haujatiwa saini, pakiulizwa saa za kazi, mapumziko, maji, na hasa mahali pa kulala. Anayekwenda afundishwe dalili: mwenzake akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kupepesuka, au ngozi ikiwaka, huyo si mlevi wala mvivu. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, daktari aitwe; na kama hana fahamu asinyweshwe kitu.

Na mwili ukirudi na karatasi ya namna ile, familia isizike kwanza ikauliza baadaye. Tume itaisaidia kuandika barua kwa ubalozi na kuomba uchunguzi wa hospitali. Katibu amefungua daftari la majina ya wote walioko Ghuba kutoka parokia yetu, tarehe walizoondoka, na namba ya simu ya jamaa. Kigango cha kwanza kimeleta majina 14. Vingine vilete kabla ya Jumapili ya Utatu Mtakatifu.